Ankara ya Namba Kumi na Saba

Kila tarehe nne naingia Barabara ya Tisa, Ngamiani,
kalamu sikioni, tochi mkononi,
kumulika mita zilizozikwa chini ya vifuniko vya chuma.
Mimi kazi yangu tarakimu. Sikuajiriwa kusikiliza.
Lakini kifuniko kikikwama, mwenye nyumba huleta nondo,
na anayeleta nondo huleta na maneno.

Namba tatu alikaa Kaitano, fundi cherehani wa Kigoa.
Alishona sare za askari wa Mdachi,
na Mwingereza alipoingia akashona zake
kwa uzi uleule wa kaki uliobaki.
Wajukuu wamehama. Mita inasoma sifuri.

Namba nane, lililokuwa duka la Jivraji,
mlango una tundu la upana wa kidole.
Watoto wanasema risasi. Shemdoe, muuza vocha,
anasema ni komeo tu lililong'oka.
Nami sina safu ya kuandika hayo.

Siku ile (ninasimuliwa na Bi Mgeni,
naye alisimuliwa na bibi yake, akisukwa nywele)
meli zilimwaga wanajeshi wa Bara Hindi Ras Kasone.
Minazini mzinga ukalia,
na mzinga wa Feruzi ukajibu.
Kiswahili chetu hakikuona haja ya kuitenganisha:
huu watema chuma, huu watema nyuki,
na anayekimbia haulizi ni upi.

Feruzi alirudi jioni akicheka, mkono umevimba,
akililia asali iliyomwagika.
Baada ya majuma matatu wakamjia.
Hawakutaka asali.
Mama yake, Mwanatumu, alikuwa akitwanga,
na mchi haukusimama:

   *Walikuja na daftari, wakahesabu mabega,*
   *si vichwa wala habari, si jina la kuliaga;*
   *mwanangu si wa safari, kazi yake ni kufuga,*
   *nyuki wamebaki shwari, mfugaji kapotea.*

Ukurasa mmoja wa daftari la Jivraji anao Bi Mgeni,
ameukunja ndani ya hati ya nyumba:
*Feruzi wa Mwanatumu. Chumvi kibaba. Hela kumi na mbili.*
Haukupigwa mstari. Jivraji alingoja, akafa,
mwanawe akangoja.
Fedha ya Mdachi ikakoma, ikaja ya wengine,
lakini ile hela ikabaki vinywani mwetu, haina nchi.
Sina hela, twasema. Nikopeshe hela.
Nami siku hizi nikilitamka neno
nasikia chumvi ulimini.

Namba kumi na moja, Kihiyo alipelekwa Bama
katika vita vilivyofuata.
Alirudi na kikombe cha bati
na tabia ya kulala chini ya kitanda.
Mkewe alimbembeleza mwaka mzima,
kisha akatandika shuka hukohuko uvunguni.
Watoto sita.

Kwa kina Shekue lori lilisimama mwaka wa sabini na nane.
Lilichukua wawili,
likarudisha mmoja na redio ya kaseti.
Hapo hawaleti nondo. Hufungua wenyewe, kimya,
na mimi nasoma haraka.

Namba kumi na saba naiweka mwisho.
Ankara yake, toka mabomba yalipofika mtaani,
huja kwa jina moja: FERUZI H.
Karani alimuuliza Mwanatumu mwenye nyumba ni nani,
naye akajibu bila kuinua macho.
Vitabu vikaenda, kompyuta ikaja,
jina likahamishwa kama lilivyo.

Mwezi uliopita nilimwambia Bi Mgeni
kuna fomu, ni bure, tunaweza kubadilisha.
Alikirudisha kifuniko kwa wayo wa mguu,
akakikanyaga hadi kikaa sawa.
"Huyo mteja wenu," akauliza,
"amewahi kuchelewa kulipa?"

Nikaandika: uniti sita.
Nikavuka kwenda ya Kumi.